Mama wa Ndani ya Brevis

Kwa miaka kumi na moja mjomba wangu amekuwa akiitikia salamu ambayo hakuwahi kupewa.

Kila asubuhi anapowasha gari lake, Toyota Brevis ya mwaka 2002, rangi ya fedha iliyoanza kuchubuka kwenye boneti, sauti ya mwanamke inatoka chini ya usukani. Sauti laini, ya haraka kidogo, yenye adabu zote. Mjomba anaiacha imalize, kisha anajibu: "Marahaba." Halafu ndipo anarudisha gari nyuma kutoka getini. Wajukuu zake zamani walikuwa wanacheka, siku hizi nao wanaitikia.

Sasa mjomba ameamua kuliuza. Sababu ni mafuta, kama kila mtu mwenye Brevis atakavyokwambia: silinda sita za D4 zinakunywa, na mafundi wa kuielewa hiyo D4 wanahesabika. Mnunuzi amepatikana, kijana mmoja mstaarabu, bei wameafikiana, ila ana sharti moja. Ile "TV ya Kijapani" ya kwenye dashibodi itolewe, iwekwe skrini ya Android. Kazi ya kupeleka gari Gerezani kwa fundi nikapewa mimi, kwa hoja kwamba mimi "huwa anaandikaandika tu, ana nafasi". Nikakaa na gari siku tatu. Na kwa kuwa kweli huwa naandikaandika tu, nikafanya ninachokijua: nikaisoma ile mashine, kuanzia sauti yake mpaka ramani yake, kama ninavyosoma kitabu kinachokaribia kuondolewa sokoni. Haya ndiyo mapitio yake.

Najua kuna msomaji anayeuliza: hii nayo ni fasihi? Tusibishane sana. Tumeandika kurasa nyingi kuhusu majina ya kanga, tumeandika kuhusu maandishi ya nyuma ya daladala, na tulifanya vizuri. Lakini kuna matini moja ambayo maelfu ya watu Dar, Nairobi na Kampala wameisikia kila siku kwa zaidi ya miaka ishirini, neno kwa neno, bila kuielewa hata silabi moja, na hakuna aliyeigusa. Matini hiyo ina msimulizi, ina hadhira, ina ufunguzi na ina mwisho wake. Mimi nimehakiki riwaya zilizokuwa na vichache kuliko hivyo.

Kwanza historia kidogo, kwa haraka. Wajapani walianza mapema. Mwaka 1981 Honda walitoa kifaa walichokiita Electro Gyrocator, ambacho hakikuwa na setilaiti yoyote: kilikuwa na jairo ya gesi iliyohisi gari linapopinda, na dereva alichomeka karatasi angavu ya ramani mbele ya kioo, akibadilisha karatasi kila alipotoka nje ya ukingo wake. Mwaka 1990 Mazda wakaweka GPS ndani ya Eunos Cosmo, gari la kifahari ambalo halikumaliza hata muongo huo. Mwaka 1992 Toyota Celsior ikaanza kuongea. Hapo ndipo mama yetu alipozaliwa. Baada ya hapo sauti ile ikashuka ngazi, kutoka Celsior kwenda Crown, kutoka Crown kwenda Progrès, Brevis, Verossa, Mark II, na baadaye Mark X. Ukiangalia orodha hiyo utaona kitu: karibu yote yamekwisha kutengenezwa. Celsior iliacha kuuzwa Japani kwa jina hilo mwaka 2006, Progrès na Brevis zikafa pamoja 2007, Mark X ikafungiwa mlango mwishoni mwa 2019. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya wazee wa heshima wa Japani yamemalizia maisha kwetu, kwa sababu sisi nao tunaendesha kushoto, na sauti zao zikaja nayo.

Zilikuja bila masikio lakini. Redio ya Kijapani ya wakati ule inaishia masafa ya 90, ndiyo maana kila aliyenunua gari hizi anajua neno "ekspanda". Kifaa cha kulipia barabara kwa elektroniki, mfumo ulioanza kutumika nchi nzima kule mwaka 2001, kilikuja kikitafuta vibanda ambavyo havipo. Taarifa za foleni zilizorushwa na mfumo wao tangu 1996 hazikuvuka bahari. Gari lilifika bandarini kama mtu aliyehama na funguo za nyumba ambayo hatairudia.

Basi, sauti. Kwa miaka yote hiyo kila mtu kwenye familia alikuwa na tafsiri yake. Shangazi anasema mama huyo anasoma dua ya safari. Binamu yangu anashikilia kuwa anaomba mafuta. Kuna jirani aliyewahi kuniambia, kwa uhakika kabisa, kwamba ni tangazo la kampuni iliyotengeneza gari. Mjomba peke yake ndiye aliyeamua ni salamu, na ukimuuliza kwa nini, jibu lake ni la kihakiki hasa: "Sikiliza lafudhi. Anaanza chini, anapanda, anainamisha mwisho. Huyo ni mtu anayepiga goti." Nilipenda hoja hiyo. Bado naipenda.

Nilirekodi sauti ile nikamtumia rafiki yangu wa Arusha anayeongoza watalii wa Kijapani. Akanirudishia kicheko cha nusu dakika, kisha: "Kaka, huyu hakusalimii. Anasema kadi haijaingizwa."

*Kaado ga sonyuu sarete imasen.* Kadi haijaingizwa. Ni kile kifaa cha kulipia barabara. Kila gari linapowashwa kinaangalia kama kuna kadi ya malipo ndani yake, na kama haipo kinasema. Kadi ya mwenye gari wa kwanza ilitolewa, bila shaka, siku alipoliuza. Kwa hiyo tangu gari hili lishuke bandarini limekuwa likitoa taarifa ya upungufu, na mjomba akiipokea kama heshima. (Nairobi sasa wana barabara ya juu, tangu 2022, nayo ina mfumo wa kulipa kwa kifaa cha ndani ya gari. Lakini kifaa cha Kijapani hapo hakina kazi. Unaweza kuwa na mdomo na bado usiwe na lugha ya mahali.)

Wanaohakiki kwa haraka wangeishia hapa: tazameni, wasomaji walikosea, maana halisi ni hii. Mimi nadhani hapa ndipo kazi inapoanza. Tafsiri ya mjomba ilikosea maneno ikapatia kitu kingine ambacho mhandisi wa Kijapani alikiweka kwa makusudi. Alama ya mlio ingetosha kusema kadi haipo. Waliamua isemwe, na isemwe na mwanamke, kwa Kijapani cha adabu ya kumhudumia mgeni. Taarifa hiyo kweli imevaa nguo za salamu. Mjomba alisoma nguo. Rafiki yangu wa Arusha alisoma maneno. Aliyesoma vyote viwili kwa pamoja hakuna, na mimi nikiwemo, kwa sababu sasa nikisikia "kadi haijaingizwa" siwezi tena kusikia goti.

Hiyo ni sauti ya kwanza. Ya pili ni ya ramani yenyewe, nayo ni msanii mkubwa zaidi. Ilikuwa imezimwa sauti kwa miaka. Nikaiwasha, nikaelekeza kamera ya simu kwenye kioo ili initafsirie menyu, nikaipa mahali pa kwenda pa kubahatisha. Msamiati wake ni mdogo kupita kiasi. Kulia, kushoto, mbele, mita mia tatu, punde. *Mamonaku, migi hookoo desu*: punde hivi, ni upande wa kulia. Neno lile *mamonaku* ndilo lililonishika. Mashine inayojua umbali kwa mita inachagua kusema "punde", neno la muda, neno la mtu aliyekaa kiti cha pembeni anayeona kona inakuja. Hakuna amri. Haisemi "kata kulia" kama simu zetu. Inakujulisha kwamba upande upo, uamuzi ni wako.

Na mwisho wake ndio mstari bora wa kazi nzima. Ukikaribia, inasema umefika *maeneo ya* unakokwenda, na kwamba maelekezo ya sauti yanaishia hapo. Maeneo ya. Haikufikishi mlangoni. Kwa miaka ile ramani haikuwa na uhakika wa mlango, basi badala ya kudanganya, inakuacha jirani, inanyamaza. Watambaji wetu nao wana namna ya kutangaza kuwa hadithi imeishia hapa, na sidhani kama wengi wao wanaifanya kwa unyenyekevu huu.

Linganisha na sisi. Simama Buguruni Malapa umuulize mtu njia ya mahali asipopajua. Hatasema hajui. Atakwambia "mbele kidogo tu, utaona mti". Kuna upendo ndani ya uongo huo, siukatai, lakini nimeshatembea jua la saa saba kwa ajili yake.

Sasa nije kwenye mshale, kwa sababu hapa ndipo nilipotaka kuandika makala haya badala ya kupeleka tu gari kwa fundi.

Kila mfumo wa aina hii una alama ndogo inayowakilisha gari. Setilaiti zinauambia gari liko wapi, lakini si setilaiti peke yake. Ndani kuna jairo inayohisi kupinda, na kuna waya unaohesabu mizunguko ya magurudumu. Ukiingia kwenye handaki na setilaiti zikapotea, mashine inaendelea kukadiria: tumekwenda mita mia nne, tumepinda kulia, basi tuko hapa. Mabaharia walifanya hivyo kwa karne nyingi kabla ya setilaiti. Fundi alipokuja kufungua dashibodi alinionyesha kwamba waya wa antena wa gari letu umechomolewa, na plagi yake ni safi ndani, haina vumbi letu. Ulichomolewa kabla gari halijapanda meli. Maana yake gari la mjomba halijawahi kujua kuwa limehama. Limo ndani ya handaki la miaka kumi na moja.

Na diski ya ramani, toleo la 2004, bado ilikuwemo. Kwa hiyo miaka yote hii mjomba alipokuwa akitoka Tabata Dampo kwenda Kariakoo, mshale ulikuwa ukitembea Japani. Nilipouangalia ulikuwa kwenye mashamba ya mpunga kaskazini ya Sendai. Nikaendesha nikiwa nimeuacha mbele ya macho yangu (usiniige, kioo chenyewe huonya dereva asikikodolee macho). Nikapinda kushoto Tabata Relini, nao ukapinda kushoto, ukajaribu kujishikiza kwenye barabara ya shamba iliyokuwa jirani, ukaikosa, ukaendelea kukatiza mpunga. Nikasimama kwenye taa, nao ukasimama katikati ya konde la mtu. Mashine inajitahidi kukuweka barabarani. Ikiona kona yako inafanana na kona ya ramani inakuhamishia hapo, na kwa dakika mbili tatu unakuwa raia mwema wa mji wa Kijapani, mpaka unapopinda mahali ambapo wao walijenga nyumba.

Na kwa kuwa mjomba kila jioni hurudi nyumbani, mshale nao kila jioni ulirudi karibu na ulipotoka, ukikosea kidogo tu. Makosa hayo madogo ndiyo yaliyouhamisha. Siku kwa siku, kwa hatua za mtu asiye na haraka, umekwenda kaskazini. Mimi sijawahi kusoma picha ya uhamiaji iliyonigusa hivi. Waandishi wetu wa ughaibuni wanapenda sana mandhari ya uwanja wa ndege, machozi, begi. Hapa kuna kiumbe aliyehamishwa bila kuambiwa, anayetafsiri kila mtaa wa mji mpya kwa mitaa ya mji wa zamani, na anakosea kwa kiasi kidogo sana kiasi kwamba hakuna anayegundua.

Nilifanya jambo jingine, la makusudi. Niliisogeza ramani kwa kidole kuelekea mashariki, mpaka pwani, nikitafuta mji unaoitwa Shizugawa. Nilikuwa nimeusoma habarini. Kwenye diski upo, kwa jina hilo, na kituo chake cha treni cha reli ya Kesennuma kipo, na mitaa imejaa hadi ufukweni. Jina lenyewe kiutawala lilikwisha mwaka mmoja baada ya diski: 2005 Shizugawa iliunganishwa na jirani yake Utatsu, zikawa mji mmoja, Minamisanriku. Ulikuwa wakati wa kuunganisha miji. Japani nzima ilikuwa na miji na vijiji 3,232 mwaka 1999, ikabaki na 1,727 mwaka 2010. Ramani ya 2004 imejaa majina ambayo ofisi zimeyafuta. Hilo ni la kawaida, tunalijua. Sisi nasi tunashuka Dampo, na dampo halipo. Wakazi wa Tabata walilipinga mahakamani mwishoni mwa miaka ya 1980. Manzese tunashuka Tip Top. Mji unakumbuka kwa vituo vya daladala kile ambacho umeshakifunga.

Lakini Shizugawa si jina tu lililofutwa. Tarehe 11 Machi 2011 tsunami iliingia. Mitaa ile niliyokuwa naiona, na reli, na kituo, vilikwenda. Ardhi ilipandishwa juu, barabara zikachorwa upya, na treni haikurudi: mwaka 2012 njia yake ilianza kupitisha mabasi yaendayo kasi, kitu ambacho sisi tulikipata Dar mwaka 2016 tukakiita mwendokasi. Kwenye jengo la mji la kukabili maafa, ghorofa tatu za chuma, watu 43 walikufa. Mmoja wao alikuwa mtumishi wa mji, mwanamke kijana, aliyebaki kwenye kipaza sauti akiwahimiza watu wakimbilie juu, mpaka sauti ikakatika. Wengi waliookoka walimsikia.

Nilikuwa nimekaa ndani ya gari lililoegeshwa chini ya mwembe, AC imezimwa, nikitazama mitaa hiyo mizima kabisa kwenye kioo cha inchi chache. Sitaki kuilinganisha sauti ya mashine na sauti ile. Zinafanana kwa jambo moja tu la juujuu, na mhakiki akianza kupamba hapo anastahili kunyang'anywa kalamu. Nasema tu kwamba diski hii haijui. Ukiiambia ikupeleke kituo cha treni cha Shizugawa itakupangia njia kwa sauti ileile, itakwambia punde, kulia, na itakuachia maeneo ya hapo.

Hapo pia ndipo udhaifu wake mkubwa ulipo. Kazi hii haina wakati. Msimulizi anazungumza katika sasa isiyoisha, na hakuna mahali inapokiri tarehe yake isipokuwa kwenye menyu ya ndani ambayo hakuna mtu anaifungua. Kitabu cha zamani kinachakaa, karatasi inageuka njano, unajua unasoma nini. Hii inang'aa vilevile mwaka wa kwanza na wa ishirini. Na hata inapojaribu kujua wakati inashindwa kwa namna ya ajabu. GPS ya asili inahesabu majuma hadi 1,024 halafu inaanza sifuri tena, kama miaka ishirini hivi, na mashine ambayo haikufundishwa hilo inarudi nyuma. Januari 2022 saa za magari mengi ya Honda na Acura, yakiwemo ya kifahari ambayo hayatengenezwi tena, ziliamka zikionyesha mwaka 2002. Watu wakalalamika. Mimi niliposoma habari hiyo nilifikiri ndiyo mara ya kwanza mashine hizi kusema kweli kuhusu ziko lini.

Udhaifu wa pili ni kutokuwa na mtu. Mabaharia wa bahari yetu walikuwa na vitabu vya njia vilivyoitwa *rahmani*, kutoka Kiajemi *rahnama*, kionyesha njia, na wajuzi wa asili za maneno hulihusisha neno letu "ramani" na hilo. Vitabu hivyo vilikuwa maneno kuliko michoro. Ahmad ibn Majid, rubani mkubwa wa karne ya 15, alitunga shairi zima la njia ya kwenda Sofala. Ndani ya maandishi yake anajisifu, anagombana na marubani wenzake, anajigamba kwa uzoefu wake. Unajua nani anakuongoza, na unajua umwamini kwa kiasi gani. Mama wa Brevis hana hata jina. Ametoka nyuma sana katika ukoo uleule, lakini ubinafsi wote ameachia njiani.

Nitamtetea kwa moja tu. Kampuni ya Kimarekani iliyouza mashine ya ramani za kaseti mwaka 1985 ilijiita Etak, neno la mabaharia wa visiwa vya Pasifiki, ambao husafiri wakiwaza kwamba mtumbwi umetulia na visiwa ndivyo vinavyopita. Kioo hiki kinafanya hivyohivyo: gari limetulia katikati, dunia inasogea chini yake. Baada ya siku tatu nilianza kuamini. Nilivuka Ubungo juu, kwenye daraja ambalo mwaka 2004 halikuwepo hata kwenye ndoto, na kwenye kioo konde la mpunga likapita taratibu chini ya mshale, na kwa kweli sikuweza kuapa lipi kati ya hayo mawili lilikuwa limesimama.

Kuhusu skrini mpya nitasema kidogo. Ni kubwa, ni angavu, inajua madaraja yote. Inaongea Kiingereza, na namna inavyotamka Mwananyamala ni kesi ya kupeleka baraza la kata. Fundi alinieleza kuwa tuna bahati, kwani kwenye baadhi ya Crown kioo kikitolewa AC nayo inakosa pa kuamrishwa. Alifanya kazi saa mbili na nusu. Ile mashine ya zamani akaniuliza kama naitaka, nikasema naitaka, diski nikaiweka ndani ya kitabu ili isikwaruzike.

Nilimwambia mjomba siku moja kabla. Nilikuwa nimejiuliza kama nimwambie kabisa, na nikaona mhakiki anayeficha anachokijua ni tapeli. Tulikuwa barazani. Nikamweleza: kadi, barabara za kulipia, miaka kumi na moja.

Akanyamaza. Akauliza: "Kwa hiyo alikuwa ananidai?"

"Siyo kukudai, mjomba. Alikuwa anakujulisha."

"Kwa adabu ile?"

"Kwa adabu ile."

Kesho yake asubuhi aliwasha gari ili nilipeleke kwa fundi, sauti ikasema yake, na mjomba hakuitikia. Alishuka tu akaniachia usukani. Niliendesha mpaka Gerezani nikijiona nimeiba kitu.

Kijana alikuja Jumamosi. Akaizunguka skrini mpya, akaunganisha simu, akaridhika. Fundi, ikumbukwe, alitoa ramani peke yake. Kile kifaa cha kadi kina waya wake, kimebandikwa kivyake chini ya usukani, na hakuna aliyekikumbuka. Kijana akaketi, akawasha. Sauti ikatoka. Akageuka kumtazama mjomba aliyekuwa ameshika mlango.

"Mzee, huyu anasemaje?"

"Anakusalimia," mjomba akasema. "Itikia."